Saa Nne ya Siku Mbili

Haya yote ni kweli. Naapa kwa magoti yangu mawili, la kulia lisilokunjika na la kushoto lisilonyooka, kwamba hakuna neno hata moja nililoongeza. Akitokea mtu wa kunionyesha uongo humu ndani, nitalipa katoni ishirini za samaki wa kopo, wale wakubwa wenye mchuzi wa nyanya, na nitazisukuma mwenyewe kwa toroli mpaka mlangoni pake. Nimeshaapa. Sasa tumwendee Vaelupe.

Vaelupe alikuwa mwenyekiti wa kamati ya akina mama ya Vaisulu, pale kisiwani Savai'i, katikati ya Pasifiki, na shida yake ilikuwa paa. Kimbunga kililing'oa paa la nyumba ya kamati zima zima, kama kofia, kikalitupa baharini, na mpaka leo wako wavuvi wanaoliona likipita na pweza wawili juu yake wakicheza karata. Tangu hapo, nesi akija kila mwezi kupima watoto, watoto wanapimwa chini ya turubai. Mvua ikinyesha, mizani inampima mtoto pamoja na mvua yake. Kuna mtoto aliongezeka kilo mbili asubuhi moja, akapungua zote jioni alipokaushwa.

Kamati ilikuwa imekusanya, kwa pesa yetu ya huku, tala elfu arobaini na moja. Zilitokana na bingo, na mikate ya nazi ya Ijumaa, na vijana wanaochuma matunda Australia wakakumbuka mama zao. Fundi alitaka elfu hamsini na tano. Zilizopungua ni elfu kumi na nne, na zile elfu kumi na nne ndizo zilizomleta Lafaele.

Lafaele alikuwa mjukuu wa kijiji, kazaliwa na kukulia Auckland. Alishuka kwenye feri na shati la maua lililopigwa pasi, viatu visivyojua mchanga, na televisheni kubwa kiasi kwamba nahodha aliikatia tiketi tatu za abiria, moja ya mtu mzima na mbili za watoto. Alikuja kwa niaba ya Soko la Aolele, mahali pa kununua na kuuza sarafu za mtandaoni kwa visiwa vyote vya Pasifiki. Habari yake ilikuwa fupi na tamu. Kamati iweke elfu arobaini na moja zake Aolele, na kwa miezi mitano zitakuwa elfu sitini.

Aliieleza kwenye nyumba ya mikutano, watu wameketi wamekunja miguu, kila mmoja kwenye nguzo yake.

"Shangazi," alimwambia Vaelupe, maana alijua kura iko wapi, "pesa ya benki imelala tu. Kwetu pesa haina usingizi."

"Yangu ni ya paa," Vaelupe akasema. "Inaruhusiwa kulala. Mimi ndiye ninayekesha nikilowa."

Watu wakacheka. Lafaele naye akacheka, vizuri sana, kama mtu aliyefundishwa.

"Huyo mwenye soko ni nani?"

"Halina mwenyewe, shangazi. Ni letu sote."

"Kijijini hapa kitu kisicho na mwenyewe ni mbwa tu. Na mbwa akiuma, kila mtu anasema si wake."

Hapo akasimama mstaafu mmoja. Huyu alisoma mita za umeme kwa miaka thelathini na mmoja, sasa ni mjane anayekaa na redio yake, na jina lake halina umuhimu wowote katika habari hii. Alikuwa ameshaweka Aolele tala elfu moja na mia mbili za kwake, na mambo ya sarafu alijifundisha mwenyewe kwenye simu, usiku na mchana, mpaka akawa anaota kwa tarakimu.

"Mama Vaelupe," akasema, "mimi nimesoma mita elfu kumi na nne. Namba ikidanganya, naijua kwa harufu. Hizi hazinuki."

"Pua yako ndiyo ile iliyokula samaki wa Jumatatu siku ya Alhamisi?"

Mstaafu akakaa. Ila alipokaa alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba wapo watu duniani ambao wakipewa mbingu watauliza ufunguo uko wapi.

"Ndiyo, nauliza," Vaelupe akasema. "Leseni?"

Lafaele alikuwa nayo, kwenye fremu yenye kioo. Vaelupe akavaa miwani. Akaisoma yote, mpaka sahihi na muhuri, midomo ikicheza.

"Hapa wameandika kuingiza na kusambaza mikia ya bata mzinga iliyogandishwa."

"Hiyo ni kampuni mama, shangazi. Soko ni mtoto wake."

"Mikia ya bata mzinga ni biashara ya uhakika," mstaafu akasema kutoka alipokaa. "Nani humu hajawahi kuila?"

Hakuna aliyenyanyua mkono. Watu wazito kabisa wakatikisa vichwa kukubali, na kwa dakika nzima soko lile likaonekana lina msingi imara.

Vaelupe akatoa noti ya tala hamsini kwenye mkoba. "Iingize. Halafu niitoe."

Lafaele akaiingiza, akabonyeza, akasubiri, na dakika tatu baadaye hamsini ikarudi kwenye simu ya Vaelupe na senti thelathini za faida. Mstaafu alishangilia kwa kiganja chake juu ya goti, lile lisilokunjika.

"Hamsini hata mimi nakulipa nikiwa nimefilisika," Vaelupe akasema. "Nikitaka elfu arobaini na moja?"

"Kiasi kikubwa kinasubiri siku tisini. Ni kwa usalama."

"Usalama wa nani?"

Lafaele akakohoa. Mzee Manogi, msemaji wa kijiji, akaona mgeni anabanwa kabla hajala, jambo lisilo la heshima, akaamua: Vaelupe apewe wiki mbili alichunguze soko hili. Akisema ni salama, pesa ya paa iingie. Akisema si salama, aeleze sababu mbele ya watu wote, maana kijana ni damu ya Vaisulu, na damu haitukanwi bure.

Kwa hiyo mzigo ukawa huo. Akikubali na Aolele ikapotea, watoto wa kijiji watapimwa kwenye mvua mpaka waote ndevu, na kila mama atajua ni nani aliyesema ndiyo. Akikataa bila sababu, kamati itampata mwenyekiti mwingine mwenye roho nyepesi, na pesa itaingia vilevile.

Jumatatu akampigia simu binamu yake Fuatino, wa Pago Pago, kisiwa cha jirani. Kati yao ni safari ya ndege ndogo tu, huwezi kumaliza kipande cha mkate, lakini mstari wa tarehe umepita katikati yao. Saa kwenye ukuta ni ile ile, siku ndiyo tofauti. Vaisulu ikiwa Jumanne, kwa Fuatino bado ni Jumatatu. Miaka yote Fuatino alimpigia Vaelupe siku ya kuzaliwa kesho yake, akidai amewahi, na Vaelupe akamjibu amechelewa, na wote wawili walikuwa wakweli.

"Aolele?" Fuatino akasema. "Wako hapa pia, dada. Kijana mmoja anaitwa Keneti, na yeye wa Auckland. Anamnyemelea mchungaji wetu na pesa ya kinanda. Anatuahidi tuna ghala letu."

"Ghala gani?"

"Eti kila mahali pana ghala lake la sarafu. La Pago Pago lina dola milioni mbili, zimekaa tu, haziguswi na mtu, ni za kutulinda sisi. Kila mtu anaweza kulichungulia mtandaoni, kuona kiasi kilichomo."

"Sisi hatujaambiwa. La kwetu lina ngapi?"

"Muulize. Na umuulize pia kama ana mke."

Vaelupe akauliza, la ghala tu. Lafaele akafurahi sana. Kumbe ndivyo hasa alivyotaka kuulizwa. Ghala la Vaisulu, akasema, lina dola milioni mbili kamili.

Hapo ndipo Vaelupe akaanza kujikuna kiwiko. Wanaomfahamu wakimwona anajikuna kiwiko, huingiza nguo ndani.

Mnajua Vaelupe ni nani kwenye mikeka. Akifunuliwa mkeka laini, anakutajia aliyeusuka, kijiji chake, na siku aliyogombana na mumewe, maana siku hiyo msuko unakaza. Miaka ishirini nyuma, kwenye mazishi ya mzee mmoja wa kijiji cha pili, ukoo mmoja ulitoa mikeka thelathini ya rambirambi. Ilitolewa ndani mmoja mmoja, ikafunuliwa, ikatembezwa uwanjani, msemaji akaitangaza, watu wakashukuru. Vaelupe alikuwa ameketi pembeni ya njia. Mkeka wa sita ulipompita akanyofoa unyoya mwekundu mmoja kwenye pindo lake. Wa kumi na tano ukapita, hauna unyoya mmoja. Akanyofoa wa pili. Wa ishirini na nne ukapita, hauna nyoya mbili. Kumbe mkeka ukitoka mbele unapelekwa nyuma ya nyumba kupitia migombani, unaingizwa tena ndani, unatoka mbele kama mgeni. Mpaka jioni mkeka ule ulikuwa na kipara. Thelathini iliyotangazwa ilikuwa tisa yenye miguu.

Tangu siku hiyo, kwenye shughuli yoyote Vaelupe akiwepo, sharti ni moja: yote ilazwe chini kwa pamoja, halafu ndiyo ihesabiwe.

Akamwita Lafaele, akamwekea kakao na taro, magimbi ya huku, akamwacha ale kwanza.

"Mwanangu, mimi ni mtu wa kuona. Nataka ghala letu litangazwe uwanjani, kama vitu vinavyotangazwa. Televisheni yako iwekwe nje, Mzee Manogi atangaze, kijiji kione."

"Naam, shangazi. Hata leo."

"Leo hapana. Na binamu yangu wa Pago Pago naye anataka la kwao litangazwe. Ninyi pangeni siku zenu, mnajua mambo yenu."

Lafaele akatoa simu, akaandikiana na Keneti muda mrefu, huku anatafuna. Vaelupe akawa anamwangalia jinsi anavyohesabu siku kwa vidole.

"Tayari," akasema. "Pago Pago ni Ijumaa, saa nne asubuhi. Sisi Jumamosi, saa nne asubuhi. Hazigongani."

"Una uhakika? Ijumaa kule, Jumamosi hapa?"

"Shangazi, siku nzima katikati. Hakuna haraka."

"Sawa. Ongeza taro, baba."

Alimwongezea tatu. Aliniambia baadaye, maana mambo haya yote nimeyapata kwake mwenyewe, kwamba alitaka kumwambia. Mdomo ulifunguka. Kijana alikuwa na masikio ya babu yake, na babu yake alikuwa mtu mwema. Lakini alilikumbuka turubai, akaufunga.

Jumamosi ikafika. Uwanja ulijaa kuanzia kanisani mpaka kwenye mnazi unaoshika waya wa umeme. Nguruwe walifukuzwa, isipokuwa jike mmoja mkubwa aliyezoea kuhudhuria mikutano, na ambaye inasemekana amewahi kupiga kura. Televisheni ikasimamishwa juu ya meza mbili, waya wa umeme ukavutwa kutoka nyumba ya mstaafu kwa gharama zake, wala hakuna aliyemshukuru.

Vaelupe aliketi mbele, simu sikioni. Upande wa pili alikuwa Fuatino, ambaye naye alikuwa ameketi mbele, kwenye ukumbi wa kanisa lao, na kwake ilikuwa Ijumaa.

"Hapa Keneti anafuta kioo," Fuatino akasema. "Kuna watu mia mbili. Mchungaji amevaa tai."

"Saa?"

"Dakika mbili zimebaki kabla ya saa nne."

"Na hapa ni hivyo hivyo."

Lafaele alikuwa mtulivu. Alilala vizuri. Jana yake jioni aliangalia ghala la Vaisulu, akakuta milioni mbili zimo, akaona Keneti amekwisha kufanya onyesho lake la Ijumaa na amezirudisha mapema, mwenzake bora kabisa. Hakujua kwamba jana yake jioni, kwa Keneti, ilikuwa Alhamisi jioni, na kwamba Keneti alikuwa bado ananyoosha suruali ya kuvaa kesho.

Saa nne kamili Lafaele akabonyeza. Kioo kikawaka. Ghala la Vaisulu: dola 2,000,000.

Mzee Manogi akasimama na fimbo yake ndefu na usinga wake begani. Sauti ya Manogi husikika mpaka Apia, na kuna mtu wa Apia humjibu. Akatangaza kwa utaratibu wote, kwa majina ya heshima ya kila ukoo, kwamba uwanjani zimefunuliwa dola milioni mbili, na kijiji kinazishukuru. Watu wakaitikia. Mstaafu akaitikia mara mbili.

"Sasa hivi Keneti amebonyeza kitu," Fuatino akasema sikioni mwa Vaelupe. "Anasema zinakuja."

Kioo cha Vaisulu kikapepesa. Ghala la Vaisulu: dola 0.

Nguruwe jike akaketi.

Mzee Manogi alitazama kioo. Kwa mila, kikitolewa hutangazwa, na kikiondolewa hutangazwa, ili asije mtu kusema hakuambiwa. Kwa hiyo akavuta pumzi.

"Uwanjani," akatangaza, kwa heshima ya kila ukoo, "hakuna kitu."

"Kwetu zimefika," Fuatino akasema. "Milioni mbili. Mchungaji anaomba sala fupi."

"Ni mtandao," Lafaele akasema. "Ni mtandao tu, wazee wangu." Jasho lilikuwa limeanza kuchora ramani kwenye shati la maua. Akageukia simu yake, vidole vikakimbia. Funguo za ghala walikuwa nazo wote wawili, yeye na Keneti, na kila mmoja aliona jambo moja tu: pesa imepotea kwake, na watu wanatazama.

Dakika nne. Watu wa Vaisulu wanaweza kukaa kimya kwa dakika nne, wamezoea mahubiri. Kioo kikawaka. Dola 2,000,000.

"Uwanjani," Manogi akatangaza, "zimerudi dola milioni mbili."

"Kwetu zimeondoka," Fuatino akasema. "Dada, mchungaji amekatiza sala."

Vaelupe akaweka simu kwenye kipaza sauti, akainyanyua juu ya kichwa chake, sauti ya Fuatino ikamwagika uwanjani. Sasa kijiji kizima kilikuwa kinasikia nyumba mbili kwa pamoja.

"Zimeondoka hapa," Manogi akatangaza.

"Zimefika hapa," Fuatino akajibu, na yeye ameshaanza kutangaza kwa sauti ya uwanjani, kazi ambayo wanawake hawapewi na ambayo aliifanya vizuri kuliko wengi.

"Zimerudi."

"Zimekwenda. Na huyu kijana wetu anapiga simu, Lafaele wenu apokee."

Simu ya Lafaele ikalia. Alipokea akiwa amesahau kwamba ilikuwa imeunganishwa na televisheni. Sauti ya Keneti ikatoka kubwa kama ya radi. "Wewe mpumbavu, kwa nini unazivuta? Onyesho lako si kesho?"

"Kesho ni leo," Lafaele akasema, kwa sauti ndogo ya mtoto.

"Leo ni Ijumaa."

"Hapa ni Jumamosi."

Upande wa Keneti mlango ukasikika ukifunguliwa, na viatu vya mtu anayekwenda kwa haraka.

Zilizunguka mara saba kwa jumla. Wengine wanasema mara sabini, mimi nimeandika saba kwa sababu napenda ukweli. Mara ya saba hazikurudi kokote. Kumbe zilikuwa za kuazima, na aliyewaazima kule Auckland naye alikuwa anachungulia, akaona pesa yake inarushwa kama mpira, akazichukua zote akaenda nazo nyumbani kwake. Vaisulu sifuri, Pago Pago sifuri, na Manogi akatangaza sifuri kwa heshima ya kila ukoo, kisha akaomba maji.

Vaelupe akasimama. Hakusema mengi. "Mzee uliniambia nikikataa nieleze sababu. Mkeka ni mmoja. Unazungushwa nyuma ya nyumba, na nyuma ya nyumba ni bahari tu. Pesa ya paa haiingii."

Akaketi. Wanawake wote wa kamati wakajikuta wanakumbatiana na yule wa jirani, hata waliokuwa hawasalimiani tangu bingo ya Pasaka.

Asubuhi ya Jumapili, kabla ya kengele ya kwanza, Vaelupe akafungua macho, na pale kwenye majani, mbele ya nyumba yake, kulikuwa na kitu kimeinama, kimefunikwa mkeka laini kutoka kichwa mpaka visigino. Hakuhitaji kuuliza. Mtu aliyekosea sana huja hivyo, anapiga magoti chini ya mkeka kabla jua halijapanda, na anakaa hapo mpaka aliyemkosea atoke aufunue, au asiufunue.

Kijana alikuwa analia kimyakimya, mkeka ukitetemeka. Majirani wakaanza kukusanyika kwa mbali na vikombe vyao. Vaelupe akashuka, akausogelea mkeka, akauinamia. Akauinamia zaidi. Akavaa miwani.

"Huu mkeka," akasema, "ni wa kwetu."

Mkeka ukaacha kutetemeka.

"Kona hii ilishonwa na marehemu dada yangu kwa uzi wa kuvulia samaki, kwa sababu alikuwa mvivu wa kusuka na hodari wa kuvua. Mwanangu, umekuja kuniomba msamaha kwa mkeka wangu?"

"Nimeazimwa, shangazi," mkeka ukajibu.

"Hata huu umeazima."

Majirani walimwaga kakao. Vaelupe alijaribu kukaza uso, akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini kwenye umande karibu na kijana, kisha akaufunua. Akakuta masikio ya babu yake, mekundu.

"Ulijua kwamba zile milioni zimeazimwa?"

"Nilijua, shangazi. Waliniambia ni za muda tu, mpaka watu waingie. Sikujua nitakuja kuonyesha kwa watu wanaonipa taro."

Jumatatu alipanda feri kwenda Apia na daftari lenye majina yote anayoyajua ya wale wa Auckland, akayakabidhi mezani kwa polisi. Televisheni ikauzwa kwa mwenye hoteli, na watu kumi na mmoja waliokuwa wameshaweka pesa wakagawiwa zilizopatikana, kila mtu chini kidogo ya alichoweka. Kisha Lafaele akarudi. Baraza lilimwamuru afanye kazi ya mikono, na fundi alipoondoa malipo ya vibarua wawili wa kupanda juu kwenye hesabu yake, elfu arobaini na moja zikatosha. Paa lile lina misumari elfu nne, na Lafaele amegonga elfu tatu na mia tisa. Iliyobaki ilimgonga yeye. Nesi alipokuja mwezi uliofuata mvua ilinyesha kubwa, na mtoto akapimwa mkavu.

Hakuna anayejua ule mkeka aliupata wapi.

Hapo ndipo nilipoishia. Nilikuwa nawasomea haya barazani kwa Vaelupe, yeye anasuka, Lafaele anakula, na nilitegemea wanishangilie.

"Pweza wa karata nakuachia," Vaelupe akasema, bila kuinua macho. "Nguruwe mpiga kura nakuachia. Tiketi tatu za televisheni nakuachia, ingawa zilikuwa mbili. Rudia ile ya mwisho."

"Hakuna anayejua ule mkeka aliupata wapi," nikasoma.

"Mkeka ule ulikuwa kwenye sanduku la marehemu dada yangu, chini ya redio. Sanduku lina ufunguo mmoja. Ufunguo uko shingoni mwa nani, shemeji?"

Lafaele aliacha kutafuna. Mimi nilifunga kifungo cha juu cha shati, lakini kamba ilikuwa inaonekana.

"Nilimhurumia mtoto," nikasema.

"Sijakulaumu kwa huruma. Na huyo mstaafu wa mita, mjane, ambaye jina lake halina umuhimu?"

"Halina."

"Liandike, Uatisone. Na uandike Aolele walikuwa wanakupa ngapi kwa kila mtu uliyemwingiza."

Nimeliandika, kama mnavyoona. Walikuwa wananipa tala mia kwa kila mtu, na niliingiza watu tisa, na Vaelupe angekuwa wa kumi.

Leo asubuhi nilikwenda dukani, nikarudi na toroli la katoni za samaki. Njia ya kutoka dukani mpaka kwa Vaelupe inapita mbele ya kila nyumba ya Vaisulu, na kila nyumba haina kuta, na goti langu la kulia halikunjiki. Alizihesabu mlangoni, moja moja, akiwa amezilaza zote chini kwa pamoja. Zilikuwa kumi na tisa. Nikarudi dukani.